Vitabu ni vingi na muda ni mchache: nichague vipi, na nisome vipi?

Karani wa Ihumwa

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wale waliozoea kusoma. Nilihamia Dodoma pamoja na ofisi yetu, na kwa kuwa sasa ninaishi Ihumwa, karibu na kazini Mtumba, jioni zangu zimekuwa ndefu kuliko zilivyokuwa Dar es Salaam, ambako foleni ya magari ilikuwa ikizimaliza. Nimeamua kuutumia muda huu kusoma vitabu kwa utaratibu. Sisomei mtihani wala kupandishwa cheo. Naona tu kwamba tangu nimalize masomo nimekuwa nikisoma nyaraka za ofisi na ujumbe wa simu, na hayo hayatoshi.

Ugumu uko katika kuchagua. Orodha za vitabu ambavyo eti kila mtu lazima avisome zimejaa mtandaoni, kila moja ina vitabu vyake, na nyingi zimeandaliwa na watu wa mbali ambao hawana habari kwamba kuna riwaya, tenzi na wasifu katika Kiswahili. Ninachouliza ni hiki: mtu mzima anayeanza upya aanzie wapi, je, ni lazima akimalize kila kitabu alichokianza, na afanye nini ili alichokisoma kisimtoke baada ya mwezi mmoja? Tena Kiingereza changu ni cha ofisini. Barua na taarifa nazielewa vizuri, lakini riwaya ya Kiingereza hunichosha mapema. Je, nijilazimishe?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Dada Karani, karibu sana katika mkoa wetu. Swali lako nimelisikia kwa wanafunzi wengi niliowafundisha fasihi, na jibu langu ni lilelile: ziache orodha, chagua mwandishi mmoja, kisha umsome kwa kufuata miaka aliyoandika. Orodha hukupa vitabu visivyojuana. Mwandishi mmoja hukupa akili ya mtu inayokua, inayojipinga na inayorudia maswali yake, na ukishazoea kuifuata akili ya namna hiyo utakuwa umejifunza namna ya kumsoma mwandishi mwingine yeyote.

Kwako ningempendekeza Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Riwaya zake zinajulikana na mfuatano wake unaeleweka: Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, Gamba la Nyoka mwaka 1979, kisha kimya kirefu cha riwaya, halafu Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Mtu akianza na Nagona kwa sababu ni kitabu chembamba, atakifunga baada ya kurasa chache akidhani mwandishi amekusudia kumkanganya, kwa maana humo hakuna hadithi ya kawaida yenye mwanzo, kati na mwisho. Lakini aliyempitia Kazimoto wa Kichwamaji, kijana msomi anayeuliza maisha yana maana gani na asipate pa kuushika ukweli, ataelewa kwamba maswali yale yalikuwa mazito mno kubebwa na hadithi ya kijijini na mjini iliyosimuliwa moja kwa moja, na kwamba mwandishi alilazimika kutafuta umbo jingine. Uelewa huo hauji kwa kusoma kitabu kimoja kwa kila mwandishi.

Kuna sababu nyingine inayokuhusu wewe unayekaa Ihumwa. Gamba la Nyoka inazungumzia uundaji wa vijiji vya Ujamaa na jinsi ulivyopokewa na watu waliotakiwa kuhama. Hadithi yenyewe ni ya Kanda ya Ziwa, lakini hapa kwetu jambo hilo lilitangulia, kwa maana Operesheni Dodoma ilifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kuhamishia watu vijijini kwa nchi nzima. Ihumwa ilikuwa kijiji cha Wagogo zamani kabla jiji halijaifikia, na bado wapo wazee wanaokumbuka nyumba za tembe zilizoachwa. Soma sura mbili tatu, kisha umwamkie mzee mmoja wa jirani na umuulize ilikuwaje. Usimwulize kama kitabu kinasema kweli, kwa sababu riwaya si taarifa ya serikali. Muulize yeye aliona nini, ndipo urudi kitabuni uone mwandishi amechagua kueleza nini na ameacha nini. Sijui njia bora zaidi ya kuisoma riwaya ile, na wanaoisoma mbali na watu waliohamishwa hawaipati.

Kuhusu kusahau, msaada upo katika daftari, ila si daftari la kunakili maneno ya kitabu. Ukimaliza sura, funga kitabu, kisha andika kwa maneno yako sentensi chache bila kuchungulia: kimetokea nini, nani amebadilika, na wewe unatilia shaka nini. Kule kujilazimisha kukumbuka ndiko kunakokifanya kitu kikae. Msomaji anayepigia mistari kila ukurasa hufikiri amejifunza, kumbe amepaka rangi tu. Na kuhusu kumaliza, mimi ni mtu wa msimamo mkali: riwaya uliyoichagua kwa sababu nzuri imalize, kwa kuwa mwandishi ameipanga akijua kwamba utafika mwisho.

Mkutubi, Dodoma mjini

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu daftari na kuhusu wazee, lakini amejibu kana kwamba vitabu vyote ni riwaya. Viko vitabu ambavyo haviombi kusomwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na msomaji anayejibebesha wajibu wa kumaliza kila kitu huishia kuacha kusoma kabisa. Katika kazi yangu nimewaona watu wa namna hiyo wakirudisha kitabu cha historia kwa aibu, wakati sura mbili walizozisoma ndizo walizozihitaji.

Kabla hujakiazima kitabu cha maarifa, kaa nacho kwa robo saa. Soma dibaji, kwa sababu hapo mwandishi husema anamjibu nani. Pitia yaliyomo, kisha kama kina faharasa tafuta humo jambo moja unalolijua vizuri na usome kurasa zinazolihusu. Akikosea katika unalolijua, uwe na tahadhari katika usiyoyajua. Na tafadhali angalia mwaka wa chapa ya kwanza, si mwaka wa nakala uliyoishika tu. Vitabu vya Shaaban Robert vimechapwa tena na tena, na msomaji kijana akiona mwaka wa karibuni kwenye Kusadikika anaweza kudhani iliandikwa baada ya uhuru. Ilitoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ikitawaliwa na Uingereza. Ukilijua hilo, kesi ya Karama, anayeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria na kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa wakarudi na kufungwa, inageuka kabisa. Unaanza kujiuliza mtu aliwezaje kuandika hivyo mbele ya watawala, na kwa nini alichagua nchi ya kufikirika iliyoko angani.

Kwa kuwa umehamia Ugogoni, ningependa pia umsome Mathias Mnyampala, mshairi mzaliwa wa hapa Dodoma aliyefariki mwaka 1969. Wengi wanamjua kwa ngonjera, lakini mwaka 1954 alitoa kitabu kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Hicho kisome kwa maswali mkononi: aliyeandika alikuwa nani katika jamii hiyo, aliwaandikia wenyeji au wageni, na serikali ya wakati ule ilikuwa ikitaka kusikia nini kuhusu watu wa hapa. Maswali hayo si ya kumdharau. Kwangu mimi ni heshima kubwa zaidi kuliko kukisoma kama msahafu.

Vitabu vingi vya zamani havipatikani madukani kwa urahisi, kwa hiyo anzia maktaba ya mkoa, ambayo iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kabla hujatumia fedha.

Mfanyabiashara wa Mazao, Kibaigwa

Shikamoo Mwalimu, na heshima kwako Mkutubi. Mimi sina elimu ya fasihi, ila msimu wa mavuno ukipita husoma sana, na nina wasiwasi na ushauri wa kumpa mtu anayeanza riwaya sita za mwandishi mmoja ambaye vitabu vyake vya mwanzo vimejaa vifo na majonzi. Dada yetu ametoka kwenye nyaraka za ofisi. Kwanza apate hamu.

Aanze na Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960, na ndani yake yumo Bwana Msa na kiko chake, akipeleleza mauaji kwa kufikiri, huku wenzake wakikimbilia kusema ni mizimu. Mara ya kwanza utaisoma mbio kwa sababu unataka kumjua muuaji. Isome mara ya pili mwezi ujao, wakati jibu unalo, na utaona jinsi mwandishi alivyokuwa akikuwekea alama mbele ya macho na wewe ukazipita. Mimi hapo ndipo nilipojifunza kusoma polepole, na hakuna mwalimu aliyenisimamia. Kuhusu kumaliza, naungana na Mkutubi: kitabu kisichokuvuta kiweke kando bila kukilaani, huenda wakati wake haujafika.

Mama Sekondari, Kondoa

Ninafundisha Kiingereza, kwa hiyo nijibu lile swali ambalo limeachwa. Usijilazimishe, dada, lakini usikate tamaa pia. Kinachomchosha msomaji wa ofisini katika riwaya ya Kiingereza mara nyingi si maneno magumu, ni kwamba hajui hadithi inakwenda wapi, hivyo kila sentensi inamtaka atafsiri na kukisia kwa wakati mmoja. Ondoa mzigo mmoja. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika Paradise mwaka 1994, na mwaka 2022 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Soma sura moja ya Kiswahili jioni hii, na kesho sura hiyohiyo kwa Kiingereza bila kamusi. Safari za misafara kwenda bara, biashara na deni, mtoto anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara: hayo yote ni mambo ya pande zetu, kwa hiyo utakuwa unasoma lugha ngeni kuhusu nchi unayoijua. Wanafunzi wangu waliofanya hivyo waliacha kuogopa unene wa kitabu.

Neno moja kuhusu ushairi, kwa kuwa Mnyampala ametajwa. Usiusome kimya. Shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti, na kwa kawaida kila mshororo una mizani kumi na sita iliyogawanywa nane kwa nane. Ukilisoma kwa macho tu, pumziko la katikati linapotea na hoja inaonekana kujirudia bure. Lisome kwa sauti, hata kama majirani watasikia, na katika ngonjera tafuta mtu wa kujibizana naye, kwa sababu ziliandikwa kwa watu wanaosimama mbele ya wenzao na kuhojiana.

Karani wa Ihumwa

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimeona kwamba hamkubaliani kuhusu kumaliza vitabu, na kutokukubaliana kwenu kumenisaidia, kwa maana sasa naona jibu linategemea aina ya kitabu na sababu iliyonifanya nikichague. Mzimu wa Watu wa Kale nitaianza wiki hii. Lakini Mwalimu, lile ulilosema kuhusu Operesheni Dodoma limeniingia. Mama mwenye nyumba wangu ni bibi wa Kigogo aliyekuwa msichana wakati huo, na afya yake si ya kungoja nimalize vitabu vitatu vya kwanza. Je, nitaharibu kitu nikiiruka foleni na kuanza na Gamba la Nyoka?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Hutaharibu kitu. Anza nayo, na uanze na bibi kabla ya kitabu, ili asije akajibu yale ambayo wewe tayari unataka kuyasikia. Mwombe ruhusa ya kuandika, andika kwa maneno yake, kama anachanganya Kigogo andika hivyohivyo na umwombe kijana wa nyumba akufafanulie baadaye. Ukimaliza riwaya hiyo, rudi kwa Rosa Mistika na upande nayo mpaka Dunia Uwanja wa Fujo. Nagona na Mzingile ziache mwisho, na uzisome kwa kufuatana bila kuweka kitabu kingine katikati, kwa kuwa ya pili inaendeleza ya kwanza. Kuhusu kumaliza, nimeyasikia ya Mkutubi na ya ndugu yetu wa Kibaigwa, na kwa vitabu vya maarifa nakubali. Kwa riwaya bado nabaki pale nilipokuwa.