Mnaojenga fomu za kanzidata kwa kipimo cha skrini zenu, mnatutesa

Wakuu, leo sizunguki mbuyu. Kazi yangu ni kuwasaidia watu wanaoingiza taarifa kwenye mifumo midogo ya ofisini, ile inayokaa kwenye kompyuta yenyewe, na mingi imejengwa kwa Access, programu ya Microsoft ya kutengeneza kanzidata. Simu ninazopigiwa zaidi ni za fomu kutoenea kwenye skrini. Kitufe cha Hifadhi hakionekani, au nusu ya jedwali imekatwa upande wa kulia. Ukimtafuta aliyeujenga mfumo, anakujibu: "Mbona kwangu inafunguka vizuri?"

Kwako lazima ifunguke vizuri! Uliichora ukiwa mbele ya monita kubwa, ukajaza visanduku mpaka ukingoni, ukakabidhi kazi, ukalipwa. Anayeshinda nayo kutwa nzima ana kompyuta mpakato ya pikseli (vidoti vya skrini) 1366 kwa 768. Huyo hukumuuliza hata siku moja anatumia mashine gani.

Niwaeleze kilichonifanya nianzishe huu uzi. Fomu ya usajili, dirisha la aina ile isiyokuruhusu kugusa kitu kingine mpaka uifunge. Mpaka wake ni mwembamba, hauvutiki kwa kipanya. Upau wa kusogeza umezimwa. Vitufe viwili, Hifadhi na Futa, vimepangwa bega kwa bega mwisho kabisa wa fomu, na kwenye mashine ya karani vyote vimezama chini ya ukingo wa skrini. Dada wa watu akajifunza kufanya kazi gizani: akimaliza kisanduku cha mwisho anabonyeza Tab mara moja, kisha Enter, anaomba iwe imehifadhi. Tab mara mbili ni Futa. Mnajua kilichotokea. Kidole kilizidisha mara moja, akapiga Enter, rekodi ya mtu ikaondoka. Na Access kwa kawaida hukuuliza kabla ya kufuta, ila mjenzi alikuwa amezima maonyo ndani ya msimbo, yaani maagizo yanayouendesha mfumo, kwa sababu "yanasumbua". Lawama akabebeshwa karani. Aliyeficha kitufe cha kufuta mahali pasipoonekana hakuulizwa chochote.

Halafu nikaambiwa dawa yake: "Mwambie abadilishe resolusheni ya mashine," yaani idadi ya pikseli za skrini. Yaani mtu avuruge skrini yake nzima, barua pepe, nyaraka, kila kitu, kwa ajili ya fomu yako moja? Ni sawa na fundi akushonee suruali kwa vipimo vya miguu yake, halafu akwambie wewe ndiye mfupi.

Na wale wanaosema "siku hizi kila mtu ana 1920 kwa 1080" ndio wananikera kuliko wote, maana hawajapiga hata hesabu. Kompyuta mpakato nyingi za aina hiyo Windows huzikuza maandishi kwa asilimia 125 au 150, la sivyo herufi hazisomeki. Kwenye asilimia 150, nafasi inayobaki kwa fomu yako ni sawa na 1280 kwa 720. Ndogo kuliko ile ya 1366 kwa 768 mnayoiita ya kizamani! Kuna mzee mmoja ninayemhudumia, macho yake hayaoni vizuri, ameweka 150 kwa sababu ni lazima. Mnataka aishushe ili kitufe chenu kionekane? Akishaishusha atakisoma na macho ya nani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vifaa vya kulimaliza hili vipo, tena vya siku nyingi. Delphi, programu nyingine ya kujengea mifumo, ilikuja mwaka 1995 ikiwa na uwezo wa kukifanya kitu kigande upande mmoja wa dirisha na kujaza nafasi. Access yenyewe ina sifa ya nanga tangu toleo la 2007: unakiambia kisanduku kishike kushoto na kulia kwa pamoja, kinanyooka dirisha likipanuka, unakiambia kitufe kishike chini kulia, kinahamia huko chenyewe. Hakuna msimbo hata mstari mmoja. Ni kuchagua kwenye orodha ya sifa.

Na kabla hujafika kwenye nanga, weka vitufe kwenye kijachini cha fomu, ile sehemu ya chini kabisa! Sehemu hiyo hubaki mahali pake mtumiaji anapoteremsha taarifa za katikati. Acha mpaka uvutike, washa upau wa kusogeza. Chora kwa ajili ya skrini ndogo kwanza, kisha uiache ipanuke. Ni kazi ya alasiri moja kwa mfumo mdogo.

Nakubali nanga hazikuzi herufi. Ndiyo maana wengine hukimbilia ule msimbo unaopita kwenye kila kitu cha fomu na kuzidisha upana, urefu, nafasi na ukubwa wa herufi. Sipingi, ila wengi wanaounakili hawausomi. Access hupima kwa twipu, kipimo kidogo sana cha urefu, 1440 kwa inchi. Pikseli moja ni twipu 15 pale ukuzaji ukiwa asilimia 100 tu. Kwenye 125 ni 12, kwenye 150 ni 10. Nimefungua misimbo ambayo 15 imeandikwa moja kwa moja kila mahali, kisha mtu anashangaa fomu inafunguka ikiwa imevimba. Wengine wanakuza kisanduku kabla ya kupanua sehemu inayokibeba, mtumiaji anapigwa usoni na hitilafu 2100, kwamba kitu ni kikubwa kuliko mahali pake. Wengine wanasahau kwamba safu za ndani ya orodha kunjuzi zina vipimo vyake peke yake, hivyo boksi linakua na majina yanabaki yamekatwa. Na ukubwa wa herufi ni namba nzima, kwa hiyo ukizidisha 9 kwa 1.3 itabidi ukadirie, na usipoacha nafasi ya ziada neno la mwisho linaliwa.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo sana. Kabla hujakabidhi mfumo, shusha skrini yako hadi 1280 kwa 720, fungua kila fomu, tafuta kila kitufe kwa macho. Kisichoonekana, rudi ukakirekebishe wewe, usimtume karani. Na nyie mnaonunua mifumo hii, liandikeni hilo kwenye mkataba, msilipe awamu ya mwisho mpaka mjenzi aifungue kwenye mashine ya mtumiaji mwenyewe, yeye akiwa ameketi pembeni.

Mwenye kubisha aje, lakini aje na picha ya fomu yake ikiwa imefunguliwa kwenye 1280 kwa 720.