Naombeni ushauri: nyuzi zangu za kufumia zinaliwa, na zingine zinanuka ukungu

mfumaji_tanga
Habari zenu wapendwa. Nafuma kwa mkono seti za vichanga, yaani sweta, kofia na soksi. Nilipokuwa Makete nyuzi zilikaa kwenye kiroba juu ya kabati na hazikunisumbua hata siku moja. Tangu nihamie Tanga mjini hali ni nyingine kabisa. Masika hii nimefungua boksi nikapigwa na harufu ya ukungu, na uzi mweupe una madoa ya kahawia. Sufu halisi niliyoletewa na mdogo wangu kutoka Uingereza imekatikakatika, ukivuta unatoka vipande vifupi vifupi. Sindano za chuma nazo zimeshika kutu, zinaacha alama kwenye kazi.

Wateja wangu wengi wako Lushoto, wananunua baridi ikishakolea mwezi wa 6 na wa 7. Kwa hiyo ni lazima nilimbikize uzi mapema, siwezi kununua bonge mojamoja. Jirani ananiambia niweke vile vidonge vyeupe vya kabatini. Mnaonaje? Na mabaki ya uzi ninayo kiroba kizima, sijui pa kuyapeleka.

muuguzi_mstaafu
Dada yangu, hivyo vidonge usiviweke. Vingi ni naftalini, na wewe unafumia vichanga.

Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Mtoto wa namna hiyo akivikwa nguo au akifunikwa blanketi lililohifadhiwa na naftalini, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Anaishiwa damu, anapata manjano, na manjano makali kwa kichanga yanaweza kumharibu ubongo. Upungufu huu ni wa kurithi na uko zaidi kwa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, maana yake sisi. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao mpaka siku yatakapotokea. Mama anayenunua sweta lako hana namna ya kujua lilikaa na nini kabatini kwako, kwa hiyo jukumu ni lako.

mfumaji_tanga
Asante sana mama. Pakiti ninayo ila sijaifungua, na sitaifungua. Sasa hao wadudu niwazuie kwa nini?

bi_karafuu
Huku Unguja tunatia karafuu nzima kwenye kitambaa chepesi, tunafunga, tunaweka katikati ya nguo. Harufu yake nzuri na ukungu haunuki. Bibi zetu wote walifanya hivyo.

fundi_sindano
Bi karafuu, harufu inaweza kumfukuza nondo asije kutaga, lakini mayai yaliyokwisha kutagwa hayafi kwa karafuu wala kwa mwarobaini. Anayekula uzi si yule nondo anayeruka, ni kiwavi wake. Kwa hiyo mfumaji aanze na kuua, karafuu zifuate baadaye.

Kwanza tenganisha nyuzi zako. Kiwavi wa nondo anatafuta sufu, manyoya na hariri. Akriliki, yaani uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, hana shida nayo, na uzi mwingi unaouzwa madukani kwetu ni akriliki hata kama muuzaji anauita sufu. Kama lebo imepotea, kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano juu ya bakuli la maji, kiwashe. Sufu inaungua kwa shida, inanuka nywele zilizoungua, na majivu yake ukiyabana yanasagika. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki punje ngumu isiyopondeka. Hapo utajua kipi cha kukilinda na nondo na kipi cha kukilinda na unyevu tu.

Sufu iliyobaki nzima iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kisha kwenye friza inayogandisha nyama hadi ikawa jiwe. Iache wiki nzima. Ukiitoa usifungue papo hapo, subiri jasho la nje likauke lenyewe, la sivyo unyevu utaingia kwenye uzi uliotoka kuutibu.

Iliyonuka ukungu: toa nje, kung'uta ukiwa umejifunga kitambaa puani, anika penye upepo. Halafu lizungushe bonge kwenye mgongo wa kiti upate shada, lifunge sehemu nne lisivurugike, ufue kwa maji na sabuni. Sufu iwe maji ya vuguvugu na usisugue, ikisuguliwa kwenye maji ya moto inajikunyata na haikunjuki tena. Akriliki inavumilia kufuliwa, ila usiipige pasi, inalegea moja kwa moja. Madoa mengine hayatatoka. Huo uzi usiupeleke kwa mteja.

Sasa kuhifadhi. Achana na maboksi, yananyonya unyevu na mende wanayapenda. Tumia ndoo zenye mifuniko, zile za rangi zilizooshwa vizuri zinafaa. Ila siku ya kufunga ndoo ndiyo muhimu kuliko ndoo yenyewe. Huko pwani Januari na Februari kuna jua na ukavu, jaza wakati huo, mchana, uzi ukiwa umeanikwa hadi ukakauka. Ukifunga siku ya mvua unafungia unyevu ndani. Tupia na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya, weka mbali na watoto.

mfumaji_tanga
Nimeuliza swali moja nimepata darasa. Nilitaka kuuliza kuhusu mifuko ya plastiki, maana tangu marufuku ya 2019 hata kuipata ni kazi, lakini ndoo ninazo.

wa_nyahururu
Kuhusu kutu: sugua sindano na msasa laini kabisa, pangusa, kisha pitisha kipande cha mshumaa mkavu na ufute kwa kitambaa mpaka isiwe inanata. Usipake mafuta, yataingia kwenye uzi. Sisi huku wengi tulijifunza kwa spoku za baiskeli, na hiyo ya msasa na mshumaa ndiyo iliyotusaidia ncha isikwaruze. Ukipata pesa hamia sindano za alumini au mwanzi, hazishiki kutu.

kijana_wa_nyuzi
Kwenye mabaki acha nikusaidie mimi. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Pima bonge kabla ya kufuma soksi, pima tena ukimaliza, andika soksi imekula gramu ngapi. Fanya hivyo kwa kofia na sweta. Baada ya hapo kila baki ukilipima utajua linatosha nini, huna haja ya kukisia na kuishiwa kwenye kidole cha mwisho.

Ukiwa unafuma na uzi unakaribia kwisha, tandaza kazi yako, pima uzi uliobaki dhidi ya upana. Mstari mmoja wa kawaida unakula kama mara tatu ya upana. Kama huna mara nne, badilisha uzi mwanzoni mwa mstari, usijaribu bahati.

Usichanganye mabaki ya sufu na ya akriliki kwenye kofia moja, yakifuliwa moja litajikunja na jingine litabaki. Na ukinunua mzigo wa Januari angalia kwenye lebo namba ya bechi ya rangi, mabonge yote ya sweta moja yawe na namba ileile. Chini ya taa ya duka weupe wote unafanana, ukitoka juani unaona mshipa katikati ya mgongo.

mfumaji_tanga
Hiyo ya bechi imenigusa, wateja wamewahi kunilalamikia mikono haifanani na kifua. Swali la mwisho: nikiunga mabaki mengi kwenye soksi, nipige fundo au nifanyeje?

kijana_wa_nyuzi
Fundo hapana, linamuumiza mtoto na linaweza kufunguka. Acha mkia wa sentimita 15 kila upande, uingize kwa sindano butu kwenye vitanzi vya rangi yake, nenda upande mmoja kisha rudi, halafu kata.

muuguzi_mstaafu
Naongezea hapo. Uzi uliolegea ndani ya soksi au glavu unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukazuia damu, na mama anaona mtoto analia tu bila kujua sababu. Kila soksi igeuze nje ndani kabla ya kuipakia, pitisha kidole chako mpaka kwenye ncha. Ukikuta kitanzi kinachovutika, rudia kukifunga. Na waambie wateja wako nao waigeuze kila baada ya kuifua.