Naomba ushauri: VLAN na LACP kwa ofisi ndogo, spidi ya seva haipandi

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya netiweki maana hapa nimekwama kabisa. Naseti ofisi ya watu kama 25, kuna ruta moja, swichi mbili za gigabiti zinazokubali VLAN (kugawa netiweki moja vipande vilivyotengana), na seva ya mafaili yenye poti mbili. Nimegawa VLAN 10 kompyuta, 20 simu za mezani, 30 wifi ya wageni, 40 kamera, halafu seva nikaiweka VLAN 50 peke yake kwa ajili ya usalama. Swichi na ruta zimeungwa kwa kebo moja tu inayobeba VLAN zote kwa tagi za 802.1Q (alama zinazoonyesha data ni ya VLAN ipi).

Seva iko kwenye LACP (poti zake mbili zimeunganishwa zifanye kazi kama moja) na swichi inaonyesha poti zote mbili ziko hai, lakini hata kompyuta mbili zikivuta mafaili kwa pamoja jumla haivuki megabaiti 110 hivi kwa sekunde. Mtu mmoja anayekopi faili moja najua atabaki kwenye kebo moja, hilo silidai, ila wawili nilitegemea wagawane. Nimebadilisha hashi (kanuni ya kuchagua data ipite kebo ipi) kutoka anwani za MAC kwenda anwani za IP na namba za poti za programu, kwenye swichi na kwenye seva pia, hakuna kilichobadilika.

Nahisi kinachobana ni ile kebo ya ruta, kwa sababu kila kitu kutoka VLAN 10 kwenda 50 lazima kipite pale, niko sahihi? Na kama ndivyo, bora niihamishie seva VLAN 10 au nitafute swichi ya leya 3 iruti yenyewe (ipitishe data kati ya VLAN bila kwenda kwa ruta), bila wageni na kamera kuifikia seva?