Mjadala: Je, panda wazee waendelee kukaa ughaibuni mpaka mkataba uishe?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu.

Aprili 2003 panda wawili wa China (dubu wale weusi kwa weupe), Ya Ya jike na Le Le dume, walipelekwa bustani ya wanyama ya Memphis, Marekani, kwa mkataba wa kukodishwa wa miaka 10. Ulipoisha 2013 ukaongezwa mingine 10. Ya Ya alizaliwa Beijing Agosti 2000, kwa hiyo alifika Memphis hajatimiza hata miaka mitatu, akaondoka ana 22. Panda wa porini akifika miaka 20 ni mzee kabisa. Ujana wake wote na upevu wake wote viliishia kwenye mkataba, na mtoto hawakupata hata mmoja.

Desemba 2022 ilitangazwa kwamba wote wawili watarejeshwa. Le Le hakuwahi. Alikufa tarehe 1 Februari 2023 akiwa na miaka 24. Ya Ya akasafiri peke yake mwishoni mwa Aprili, akatua Shanghai, akawekwa karantini, kisha akapelekwa Beijing.

Kabla ya hapo picha zake akiwa amekonda na manyoya yamenyonyoka zilienea China nzima, watu wakalia kwamba anateswa. Wataalamu wa pande zote mbili walieleza kwamba ana maradhi ya ngozi na kwamba anakula vizuri. Nawaamini, na waliomtunza siwalaumu. Ninachopinga ni utaratibu wenyewe: mkataba unahesabu miaka ya makubaliano, wala hauhesabu umri wa mnyama. Napendekeza panda atakayefika miaka 15 asiongezewe muda ugenini. Arudi angali na nguvu za kuhimili safari.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nakuheshimu ila nakataa. Ya Ya alirudi China, sawa. Je, aliachiwa msituni Sichuan, jimbo la China wanakoishi panda wa porini? Hapana. Alitoka kwenye uzio wa Memphis akaingia kwenye uzio wa Beijing. Sasa niambie, mnyama mzee mwenye maradhi anafaidika nini kung'olewa kwa watu wanaojua anavyokula, anavyolala na dawa anazovumilia?

Tena tusisahau faida. Panda aliyezaliwa bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, 1999, Hua Mei, alirudishwa China 2004 na huko akazaa watoto wengi. Watafiti wa San Diego walishirikiana na wenzao wa Wolong, kituo cha panda huko China, kuboresha maziwa ya kulelea vichanga, wakati ambao vichanga wengi walikuwa wanakufa mikononi mwa watu. Sensa ya China iliyotangazwa 2015 ilikuta panda 1,864 porini, na 2016 wakashushwa daraja la hatari katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Ushirikiano huu una mchango wake humo.

Mchangiaji wa pili

Mimi nitazame upande wa fedha. Jozi moja hulipiwa hadi dola milioni 1 kwa mwaka, na watoto watakaozaliwa ni mali ya China. Hapo bado mianzi. Panda mmoja hula kilo 12 hadi 38 kwa siku, na analijua jani bichi na jani lililolala.

Angalieni bustani ya wanyama ya Ähtäri, Finland. Walijenga makazi ya zaidi ya yuro milioni 8, wakapokea Lumi na Pyry Januari 2018 kwa mkataba wa miaka 15. Wageni wakapungua wakati wa korona, gharama zikapanda, na Novemba 2024 panda wakarudishwa miaka minane kabla ya muda. Kwa hiyo hata kurudi nyumbani kunaamuliwa na idadi ya tiketi.

Lakini tusichanganye huzuni yetu na ya mnyama. Panda mdogo Fu Bao alipoondolewa Korea Kusini Aprili 2024 kupelekwa China, maelfu walisimama kwenye mvua wakilia. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Porini angekuwa ameshaachana na mama yake zamani, maana panda huishi peke yake.

Mchangiaji wa tatu

Watanzania tunao mfano wetu: vyura wa Kihansi. Mwaka 2000, mradi wa umeme ulipopunguza maji ya maporomoko, karibu vyura 500 walipelekwa Marekani. Porini wakatoweka. Uzao wao ulirudi Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaanza kurejeshwa kwenye korongo lao. Pale safari ilikuwa na sababu moja, na mwisho wake ni makazi ya asili. Panda aliyefunzwa kuishi porini akaachiwa hifadhi ya Liziping, China, 2012, Tao Tao, alizaliwa na kulelewa Wolong, hakukodishwa popote. Kama lengo ni uhifadhi, mbona wanaorudi porini hawatoki huku ughaibuni?

Mleta mada

Mchangiaji wa kwanza, swali lako la uzio ni zito na sitalikwepa. Uzio ni uzio. Ndiyo maana nasema miaka 15, si 22: akirudi mapema, atapata muda wa kuwazoea watunzaji wapya kabla maradhi hayajaanza.

Kuna jambo hatujaligusa. Jike hupata joto mara moja kwa mwaka, na nafasi ya kushika mimba ni siku moja hadi tatu. Jozi isipopandana inafanyiwa uhimilishaji, yaani jike kuwekewa mbegu za dume kwa vifaa, nao unahitaji dawa ya usingizi. Bustani ya wanyama ya Edinburgh, Scotland, walikaa na jozi yao kuanzia Desemba 2011 hadi Desemba 2023, wakajaribu mara kadhaa, hawakupata mtoto. Nani anasema sasa basi, huyu jike aachwe? Nataka mkataba wenyewe useme.

Muda wa kulidai upo. Panda Bao Li na Qing Bao walifika bustani ya wanyama ya Washington, Marekani, Oktoba 2024 wakiwa na miaka mitatu kila mmoja, kwa mkataba wa miaka 10. Utakapoisha 2034 watakuwa na miaka 12 au 13. Wakiongezewa 10 mingine, watamaliza wakiwa na umri ule ule aliokuwa nao Ya Ya.