Naomba ushauri: wakili wa kujitolea akishachukua faili, nani anamfuatilia?

Wakuu, habari. Kwenye kituo chetu cha msaada wa kisheria, kabla ya kumkabidhi wakili faili tunakagua kipato cha mteja, mgongano wa maslahi na siku ya mwisho ya kuwasilisha nyaraka. Hapo hakuna shida. Kesi hulala baadaye: kazi za kulipwa zikimbana wakili, mteja hapigiwi simu, na muda wa rufaa unapita. Kumuuliza kila wiki kunamchosha. Kusubiri mwezi ni hatari, hasa kesi za kufukuzwa kwenye nyumba.

Je, mnagawa kazi, mmoja aandike hati na mwingine asimame mahakamani? Na wakili akijitoa wakati mahakama tayari inamtambua yeye kama wakili wa mteja, nani anabeba faili?