Wauza vitambaa wa Mwanza, hii pamba mnayotuuzia mbona inayeyuka?

Wakuu habarini. Uzi ni mrefu na nimeuandika na hasira zangu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi nashona nyumbani, Nyakato huku. Sina fremu mjini wala bango. Nina cherehani ya kukanyaga niliyoachiwa na mama mdogo, na meza ya kulia ambayo wanangu wameshazoea kusogeza vipande vya nguo pembeni ndipo waweke sahani. Magauni sishoni, magauni yana kesi nyingi. Nashona vitu vidogo: vishikio vya sufuria, bibu, foronya, vipochi vya chenji. Na mifarishi ya viraka ya watoto, hiyo ndiyo inayonilipia ada za shule.

Kwa asiyejua: unakata miraba midogo ya inchi nne na nusu, unaiunga tisa tisa, tatu kwa tatu. Mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo mraba mkubwa ukishaungwa na wenzake unabaki inchi 12 kamili. Mfarishi wa mtoto unakula miraba mikubwa 12, yaani inchi 36 kwa 48. Chini yake unaweka blanketi jepesi, halafu kitambaa cha mgongo, unapiga mshono wa kushika vyote vitatu. Mama mdogo alikuwa anauita blanketi la makombo. Ni kazi ya subira tu, kipande kimoja kikiwa kimekatwa vibaya kinapindisha wenzake wote mpaka mwisho.

Sasa mwezi uliopita nikapata oda kutoka Sengerema, mtoto mchanga, na mfarishi unatakiwa kabla ya arobaini. Rangi tatu: nyekundu, nyeupe, na kitenge cha bluu chenye samaki weupe, maana baba mtoto ana mitumbwi. Kitenge nilikuwa nacho ndani, kizuri kabisa, mchoro uko sawasawa pande zote mbili. Nikashuka mjini kutafuta nyekundu na nyeupe.

Duka silitaji, msinisumbue. Nikamwambia kijana nataka poplini ya pamba, si mchanganyiko, si tetroni, pamba. Akanishushia jora. "Anti, hii pamba tupu, mia kwa mia, hata uichemshe." Nikaishika. Ngumu, nzito, imekaa vizuri mkononi. Nikachukua nyeupe mita sita, nyingine ibaki akiba, na nyekundu mita mbili. Nyeupe shilingi 4,000 kwa mita. Sikulia bei, nikasema pamba ni pamba.

Ule ugumu ulikuwa wanga! Watu, hebu tuambizane ukweli. Kitambaa kinapigwa wanga mpaka kinasimama chenyewe kama karatasi ya manila, unakifua mara moja kinakuwa chandarua. Na mimi nashona miaka yote hii nimeingia kichwa kichwa.

Na kabla hamjaanza "ungefua kwanza", nilifua. Nilivisuuza kwa maji baridi kila kimoja na beseni lake. Nyeupe ikalegea, nikajipa moyo kwamba ni kawaida. Nyekundu ikatoa maji ya rangi, nikasuuza tena na tena mpaka maji yakatoka meupe. Nikaanika, nikakata, nikaanza kuunga.

Usiku wa pili niko kwenye mraba wa saba. Umeme hakuna, kwa hiyo pasi ni ya mkaa. Na pasi ya mkaa naijua, nimekua nayo. Nimepuliza majivu, nimeipoza kwenye jani la mgomba, nimeigusisha kwanza kwenye kitambaa kibovu. Nikaiweka kwenye mshono ili niulaze upande mmoja. Ikanata. Nilipoinua pasi kitambaa kikainuka nayo, kikavutika kama jojo, kikaacha tundu ukubwa wa shilingi mia, na kingo za lile tundu ni nyeusi, ngumu, zinakwaruza kidole. Chini ya pasi kumeganda kama plastiki ya ndoo iliyoungua. Harufu yake sasa! Mwanangu mkubwa akaamka anauliza nani anachoma mifuko.

Nikachukua uzi mmoja kutoka kwenye ile nyeupe, na uzi mwingine kutoka kwenye kitenge. Kiberiti. Huu ujanja kila anayeshona aushike. Uzi wa kitenge ukawaka kama karatasi, harufu ya jani kavu, ukabaki majivu laini ya kijivu ambayo ukiyagusa yanapotea. Uzi wa ile "pamba mia kwa mia" ukaukimbia moto. Ukajikunja, ukatoa moshi mweusi, ukaisha kwa kitone cheusi kigumu kama kichwa cha pini. Kitone hicho ukikibana kwa kucha hakivunjiki. Hiyo ni poliyesta, ndugu zangu, haina mjadala.

Asubuhi nikasema ngoja niufue mraba mmoja uliokwisha, nione mwisho wake. Omo kidogo, maji ya uvuguvugu, dakika kumi. Ile nyekundu niliyoisuuza mpaka maji yakawa meupe ikafungua bomba upya. Samaki wangu wote weupe kwenye kitenge wakageuka rangi ya ufizi. Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu kama kichaa: ile nyeupe ya dukani haikushika rangi hata chembe. Imetoka kwenye beseni jekundu ikiwa nyeupe pee. Kitenge kwa sababu ni pamba kweli kikanywa, ile plastiki ikakataa. Ushahidi gani tena mnataka?

Nikarudi mjini na mraba wangu na tundu langu. Yule kijana hata hakuushika.

"Anti, umeunguza mwenyewe."

"Pamba huwa inaungua hivi?"

"Inategemea na pasi."

Nikamwambia lete kiberiti, kata uzi kwenye jora lako mwenyewe, tuchome hapa hapa. Kulikuwa na mama mtu mzima pembeni anachagua khanga, akasema, "Choma basi mwanangu, na sisi tuone." Kijana akaanza kucheka cheka, eh mnataka kuniunguzia duka, eh mama wewe nunua khanga zako. Halafu akanyoosha kidole ukutani, kuna karatasi imebandikwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Risiti sina, nilipewa kikaratasi kimeandikwa kwa peni "nguo 8m" na jumla. Kosa langu, nalikubali. Sikudai risiti ya mashine kwa sababu nilikuwa nawahi daladala.

Yule mama wa khanga aliniaga kwa "pole mayu", yaani pole mama kwa Kisukuma, akarudisha khanga zake mezani akatoka bila kununua. Mungu ambariki popote alipo.

Sasa nikiwa nimesimama pale na hasira, kijana anampimia mteja mwingine. Nikaangalia ule ubao wa kupimia. Kuna kitu hakikukaa sawa. Nikatoa futi yangu kwenye mkoba, nikailaza juu ya ubao. Inchi 36. Hiyo ni yadi! Mita ni inchi 39 na zaidi kidogo. Nikamuuliza hii nini, akajibu, "Ndiyo mita yetu hiyo." Mita yetu! Yaani kila duka lina mita yake, kama kila ukoo na mila zake.

Fanyeni hesabu na mimi. Kila "mita" wanakupiga inchi tatu na kitu. Kwenye mita sita zangu nyeupe ni inchi 20. Kitambaa kina upana wa inchi 45, kwa hiyo kila mstari unatoa miraba kumi ya inchi nne na nusu. Inchi 20 ni mistari minne. Miraba 40! Mfarishi mzima wa mtoto, rangi tatu sawa kwa sawa, unataka miraba midogo 36 tu ya nyeupe. Kwa hiyo kila anayenunua mita sita pale anaacha nyeupe ya mfarishi mzima juu ya meza ya muuzaji na chenji juu. Mtu wa gauni haoni, atasema fundi kanikatia fupi. Sisi wa viraka tunahesabu kila kipande, ndiyo maana hawatupendi.

Kinachoniumiza kuliko vyote, tuko wapi? Hapa si katikati ya bahari. Toka Mwanza nenda Magu, Kwimba, Misungwi, vuka Bariadi, Maswa, Meatu, ni pamba. Kanda hii ndiyo inayotoa karibu pamba yote ya nchi. Mbegu zenyewe, zile UK 91 na wenzake, UK si Uingereza, ni Ukiriguru, kituo cha utafiti kiko Misungwi hapo, unafika kwa daladala. Babu yangu alilima pamba mpaka mgongo ukakataa. Mei msimu ukifunguliwa, nyumba za huko kijijini zinajaa pamba mpaka uvunguni, mnalala juu yake. Wazee wa mji huu bado wanahadithia enzi za Mwatex, kile kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza. Halafu mimi mjukuu wa mkulima wa pamba nasimama dukani Mwanza nauziwa plastiki kutoka nje kwa jina la pamba, kwa yadi iliyobatizwa mita.

Mnajua pamba halisi naipata wapi sasa? Mlango Mmoja, kwenye mitumba. Kuna mama mmoja anauza mashuka ya belo, yana lebo ndani, unasoma mwenyewe, na ukichoma uzi unabaki majivu. Sehemu kubwa ya pamba yetu inauzwa nje ikiwa marobota, hilo kila mtu analijua. Kwa hiyo inawezekana kabisa pamba ya Meatu imepanda meli, imefumwa shuka, imelaliwa na mzungu miaka mitano, imerudi kwenye belo, ndipo mimi nikaipata. Bibi zetu walikuwa na amerikani na kaniki, nguo za kuja na meli pia, lakini angalau zilikuwa pamba na ziliitwa kwa majina yake.

Sikatai poliyesta. Ina kazi zake, mapazia, sare, bitana ya pochi. Niambie tu ni poliyesta, uniuzie kwa bei ya poliyesta, mimi nitajua naiweka wapi. Mfarishi wa kichanga anayetoka jasho usiku kucha na joto hili la ziwa sio mahali pake.

NYONGEZA 1: Mnaosema niloweke nyekundu kwenye chumvi au siki, asanteni, lakini hapana. Siki ni mambo ya sufu na hariri. Rangi ambayo haikushikishwa kiwandani hutaishikisha wewe na kijiko cha chumvi, utatia tu ladha. Sana sana mkipata nyekundu mpya, kata kipande, kilaze kibichi juu ya kitambaa cheupe cha pamba, pitisha pasi ya moto. Kikiacha alama, rudisha dukani kabla hujanunua zaidi ya robo.

NYONGEZA 2: Kuna mkuu ameandika "viraka tu hivyo, si uokote mabaki kwa mafundi bure". Kaka, bure ilikuwa zamani. Siku hizi mafundi wanajaza viroba wanawauzia wanaojaza mito na makochi. Na hata ukipata, mabaki ya fundi ni mkia wa gauni la satini, kwapa la shati, upande wa jinzi. Ukiunga satini na jinzi kwenye mraba mmoja, moja inavuta nyingine inagoma, mraba unasimama kama sambusa. Njoo ujaribu, meza ipo.

NYONGEZA 3: Ubao wa inchi 36 nimeambiwa nipeleke habari Wakala wa Vipimo. Jumatatu nakwenda, na futi yangu mkononi.

Na oda, kwa mnaouliza, ilifika. Nilinunua shuka jeupe na foronya nyekundu pale Mlango Mmoja, ile foronya imeshafuliwa na wenyewe huko mpaka haina tena rangi ya kumwaga. Nikafumua miraba saba kwa wembe, nikaunga upya mpaka saa nane usiku siku tatu mfululizo. Ukaenda na Hiace, daraja la Kigongo–Busisi lipo siku hizi, hakuna kusubiri kivuko. Faida sikuona, nilirudisha nauli tu.

Ile nyeupe iliyobaki nimeifua wanga wote ukaisha, nikaitundika dirishani iwe pazia. Jua la saa sita likipiga, namuona jirani kupitia humo anachambua dagaa, na mkono wake una pete ngapi.