Mrejesho: yule mwanafunzi wa Malindi mwenye siliaki

Jamani ahsanteni sana. Mwezi uliopita niliuliza ntakula nini vibandani na mimi nina siliaki, ule ugonjwa wa mwili kukataa ngano, yaani ngano hata chembe tumbo linachafuka wiki nzima. Nimefuata ule ushauri wa kumwambia mpishi ukweli badala ya kuchaguachagua kimyakimya, nikamwendea mama mmoja karibu na hosteli nikamweleza kwamba si maringo ni ugonjwa, akacheka kwanza halafu akanitengea sufuria yangu ya wali na mwiko wake, Mungu ambariki. Asubuhi mahamri nimeacha (roho inaniuma lakini), nakula mkate wa kumimina, ule wa mchele, na mbaazi za nazi na nashiba vizuri tu.

Sasa vitumbua ndo vilinikomesha. Mlisema ni vya mchele na ni kweli, ila kumbe yule muuzaji mchele wake anausaga kwenye mashine ileile inayosaga ngano, nikalala siku mbili. Viazi karai pia hapana, kwa yule jirani unga wa nje ni ngano. Chipsi bado sijapata pa kula, mafuta yote yamepitia sambusa. Nikisafiri nabeba muhogo wangu wa kuchemsha.